Kaseti ya Mjomba Haizimwi Katikati

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Magomeni, na kibanda chake kilikuwa na sheria moja tu: kaseti ya Remmy Ongala, yule mwanamuziki wa dansi, haizimwi katikati. Ukitaka kuzima, subiri wimbo uishe. Na nyimbo za Remmy haziishi upesi. Mteja aliweza kuingia, akapimwa suruali, akalalamikia bei, wakaelewana, akatoa kianzio na kuondoka, Remmy bado yuko kwenye hoja ileile aliyoianza mteja akiwa mlangoni.

Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa pale. Kazi yangu ilikuwa kupuliza mkaa wa pasi, kuokota vifungo na kuanika betri. Betri za redio zikichoka tulizipanga juu ya bati, jua likazipa nguvu za kuazima, redio ikaimba tena mpaka jua lizame. Kwa hiyo kwa muda mrefu niliamini kwamba Remmy Ongala ana sauti mbili: moja ya mchana, na nyingine nzito ya kujikokota, ya jioni betri zikikata roho.

Nimeiahirisha makala hii kwa miaka. Kila anayeandika habari za Remmy huanza na rasta zake na sura yake (na kuhusu sura hakuna wa kumtukana, maana mwenyewe alijiita Sura Mbaya na jina akalivaa kama medali), kisha huorodhesha nyimbo, kisha humwita gwiji, basi. Sioni ubaya. Ila mimi kilichonikamata tangu pale kibandani si gitaa wala rasta, ni namna alivyokuwa anasema mambo. Nimelitafuta neno la kueleza namna ile kwa muda mrefu, na mwisho nimelipata mahali ambapo sikutegemea: msibani.

Aliyekulia Tanzania anamjua mtani. Watu wamekaa kimya kwenye mikeka, wanawake wanalia ndani, mara anaingia mtu anacheka. Anauliza marehemu amemwachia nani deni lake. Anajilaza mbele ya jeneza, anasema halipiti mpaka alipwe. Anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea akitoka kilabuni. Mgeni asiyejua mila angedhani mtu huyu ni mwendawazimu atolewe nje, lakini wafiwa wenyewe wanaanza kutabasamu, na mama aliyekuwa hajala tangu jana anaomba uji. Mtani haruhusiwi tu kusema yasiyosemeka. Ndiyo kazi yake. Na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia.

Remmy alikuwa mtani. Si kwa kabila, kwa kazi.

Na hapa kuna jambo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, kama ulivyo utani mwingi wa nchi hii, ulikomaa kwenye njia za misafara, watu wa bara wakishuka pwani na mizigo, wa pwani wakiwapokea. Njia hizohizo ndizo zilizovuka Ziwa Tanganyika na kupeleka Kiswahili mpaka Maniema, alikotawala biashara ya pembe na watumwa yule Mzanzibari Tippu Tip. Maniema kuna mji uitwao Kindu, ukingoni mwa mto Lualaba. Karibu na Kindu, mwaka 1947, enzi ile ni Kongo ya Wabelgiji, ndiko alikozaliwa Ramazani Mtoro Ongala. Kwa hiyo Remmy alipofika Dar es Salaam hakuja kujifunza Kiswahili. Kiswahili kilitangulia kwao miaka mingi kabla yake, yeye akakirudisha kikiwa na lafudhi.

Kuzaliwa kwake alikusimulia mwenyewe mara nyingi, na kulikuwa na kifo ndani yake tangu mwanzo. Mama yake alikuwa amekwisha kufiwa na watoto kabla yake. Akaenda kwa mganga, mganga akatoa masharti. Mtoto akazaliwa na meno mawili ya mbele yakiwa tayari yameota, ikasemwa huyu ni daktari, na nywele zake zisiguswe na wembe. Hilo la "Dokta" Remmy, basi, halikutoka chuo chochote wala kwa mashabiki wa Dar. Na zile nywele ambazo baadaye kila mtu alizidhani ni za Bob Marley zilikuwa sharti la mama aliyekataa kuzika tena.

Baba yake alikuwa mwanamuziki, lakini wazazi wote wawili walifariki yeye akiwa bado mdogo. Alipiga ngoma, akapiga gitaa, akapita kwenye bendi za Kongo na Uganda kama walivyopita vijana wengi wa kizazi chake, wakilala walipochezea na kula walipolala. Mwaka 1978 mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi yake Dar es Salaam, akamwita. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Naye aliletwa na mjomba.

Dar ya 1978 ilikuwa imejaa Wakongo wa muziki. Maquis walikuwapo, Ndala Kasheba alikuwapo, King Kiki alikuwapo. Mkongo mwingine mwenye gitaa hakuwa habari. Ila mwishoni mwa mwaka huo Idi Amin akavamia Kagera, tukaingia vitani, na nchi ikatoka vitani imeshinda na imefilisika. Foleni za sukari na sabuni, duka la kijiji tupu, shati moja la sikukuu na la msiba. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanajua. Katika hali hiyo mgeni huyu akaanza kutunga na Orchestra Makassy, na mojawapo ya nyimbo zake za awali zilizomtambulisha ikaitwa "Siku ya Kufa".

Tuseme ukweli: hiyo si namna ya kujitambulisha ukumbini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alikuja na habari za jeneza. Na watu wakaipenda.

Makassy alipohamishia bendi Nairobi, ambako mwaka 1982 walirekodi albamu ya Agwaya iliyotolewa na kampuni ya Virgin ya Uingereza, Remmy alibaki Dar akajiunga na Matimila. Bendi hiyo ilikuwa ya mfanyabiashara mwenye vyombo. Hili la "mwenye vyombo" nalieleza kwa vijana, maana bila kulielewa huwezi kumwelewa Remmy. Enzi zile mwanamuziki hakuwa na gitaa lake. Gitaa, spika, ngoma na mikrofoni vilikuwa vya mtu au vya shirika, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Bendi nyingi kubwa zilikuwa za umma: Juwata ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Kimulimuli ya jeshi la kujenga taifa. Ulipata mshahara, ulipata sare, na ulijua nani anakulipa. Matimila haikuwa ya shirika lolote. Haikuwa na mshahara wa uhakika, ikaishi kwa viingilio vya mlangoni, usiku baada ya usiku, lakini pia haikuwa na katibu wa tawi wa kumuuliza mtunzi kwa nini kaandika alichoandika.

Uhuru huo ulikuwa na mwisho wake. Studio ya maana ilikuwa ya Radio Tanzania, na redio yenyewe ilikuwa hiyohiyo moja. Televisheni Bara hatukuwa nayo kabisa. Ilikuja mwaka 1994, pamoja na redio za watu binafsi. Wimbo ukikataliwa na redio hiyo ulibaki ukumbini na kwenye kaseti. Remmy alikuja kuujua mlango huo vizuri sana.

Muziki wake aliuita ubongo, na wakati ule neno hilo lilikuwa na ukali. Mji ulikuwa umeanza kuitwa Bongo kwa sababu bila kutumia ubongo huli. Leo Bongo ni jina la mapenzi, tunaliweka kwenye fulana, vijana wametengeneza Bongo Fleva wakazunguka nayo dunia. Kipindi kile lilikuwa malalamiko yaliyovaa kicheko. Utani, tena.

Sasa niingie kwenye neno ambalo naona ndilo kitovu cha utunzi wake: mnyonge.

Mwaka 1989 ilitoka albamu aliyorekodi Uingereza, ikapewa jina la Kiingereza lenye maana ya nyimbo za maskini. Ndani yake upo wimbo "Sauti ya Mnyonge". Wazungu walioinunua albamu ile waliambiwa wanamsikia maskini. Lakini mnyonge si maskini. Maskini hana hela. Kesho anaweza kuzipata. Mnyonge hana wa kumsemea. Unaweza kuwa na ng'ombe na ukawa mnyonge, ukifika ofisini ukaambiwa njoo kesho, na kesho ukaambiwa faili halionekani. Watu wa rika la mjomba walilijua neno hili kutoka Azimio la Arusha la 1967, ambalo watoto wa shule waliliimba kama sala: unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa. Azimio lilisema unyonge ni wa taifa zima mbele ya mabeberu, na mapinduzi yatauondoa. Remmy akaja miaka ishirini baadaye, mashirika ya umma yakiyumba, serikali imekwisha kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, akalichukua neno lilelile akalishusha kutoka jukwaani mpaka mlangoni kwa mtu mmoja mmoja. Mnyonge bado yupo. Anaitwa fulani, anakaa mtaa wa pili, na anayemwonea si beberu bali ni jirani yake mwenye cheo.

Hakuwahi kusema Azimio limeshindwa. Hakuhitaji. Mtani hamwambii mfiwa kwamba marehemu alikuwa mlevi. Anayumbayumba tu kidogo akipita mbele ya jeneza.

Angalia pia jinsi alivyojenga nyimbo. Rumba ya Kongo ina desturi yake: mwanzo wa taratibu, waimbaji wanasimulia, halafu sebene inafunguka, magitaa yanakimbizana, na maneno yanabaki kuwa vionjo vya kuita majina na kuhimiza kiuno. Kwa wengi maneno ni mlango, sebene ndiyo nyumba. Remmy alikuwa na sebene, tena nzuri. Magitaa ya Super Matimila yanaingiliana kama watu wanaosukana nywele. Lakini maneno hayakunyamaza sebene ilipoanza. Aliendelea kuhoji, kuhutubia, kunung'unika, kurudia swali lilelile kwa sauti nyingine. Ukiwa unacheza huku unahojiwa unajikuta umejibu.

Na alipenda sana swali. Wimbo mmoja jina lake zima ni swali: "Muziki Asili Yake Wapi". Mwingine, "Niseme Nini", ni swali la mtu aliyeishiwa. Mtunzi wa siasa husema. Remmy aliuliza, kwa upole wa mtu aliyekuja kuazima chumvi, na ukigeuka umejikuta unatetea jambo lisiloteteka. Mjomba alikuwa akijibizana naye waziwazi. Mguu unakanyaga cherehani, mdomo umejaa pini, anajibu kwa kuguna. "Mm-hm." "M-m." Nilidhani fundi wote hufanya hivyo.

Kisha kuna "Kifo".

Sijui kama upo wimbo wa dansi wa Kiswahili uliochezwa kwenye misiba mingi kuliko huo. Anakilalamikia kifo kwamba hakina huruma, anakisema kama unavyomsema jirani aliyekukosea, mbele za watu, kwa kumtaja jina. Si wimbo wa dini. Hauahidi kitu. Hausemi marehemu yuko mahali pema, hausemi tutaonana. Unalalamika, na chini yake ngoma zinakwenda, na mwili unataka kucheza. Hapo ndipo penye fundo. Mtunzi mwingine angeupiga taratibu ili watu walie. Remmy alijua kwamba kwetu msiba si kimya: kuna kupika, kuna kuni, kuna ugomvi wa nani alete turubai, kuna binamu wanaofurahi kuonana, na kuna mtani. Msiba una mdundo. Yeye aliusikia tu akauwekea gitaa.

Mke wa mjomba alifariki nikiwa darasa la tano. Usiku wa kwanza watu wa kanisani waliimba, wakachoka, wakasinzia. Alfajiri mjomba akatoka na redio, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa pale uani, akafungulia "Kifo". Shangazi mmoja akasema, "Kaka, jamani, leo hata wewe?" Mjomba hakujibu. Wimbo ukaenda mpaka mwisho kwa sababu sheria ni sheria, na ulipoisha wanaume wakaanza kuzungumza habari za kaburi, nani ana sururu, nani amekwenda kununua sanda. Kabla ya wimbo hakuna aliyethubutu kulianza neno hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy akafanya utani wake mkubwa kuliko wote. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa Kagera mwaka 1983. Kule uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichovuma wakati ule. Mjini watu waligeuza herufi za jina la Kiingereza, AIDS, wakasema maana yake ni Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Wanacheka huku wanazika. Mabango yalikuwapo, semina zilikuwapo, na lugha ya mabango ilikuwa ya kukwepa: jihadhari, tulia, epuka. Remmy akatoa "Mambo kwa Soksi". Soksi ni kondomu, kila mtu alijua, na alichosema ni kwamba uivae.

Radio Tanzania wakaukataa. Matusi, ikasemwa. Basi wimbo ukafanya kilichofanywa na kila kitu kilichokatazwa enzi hizo: ukapita Kariakoo, ukadurufiwa kaseti kwa kaseti, kila nakala imefifia kuliko mama yake, mpaka ukaingia kibandani kwa mjomba ukiwa umejaa kelele kama mvua ya bati. Nikamuuliza kwa nini watu wanacheka, soksi si za shule?

"Mjomba," akasema (mimi nikimwita mjomba naye hunirudishia jina hilohilo), "hizo ni nguo za wakubwa. Na mimi sizishoni."

Wateja wakaangua kicheko, nami nikacheka bila kuelewa. Miaka mingine michache na mtaa ule ulikuwa umezika vijana ambao majina yao bado nayakumbuka, wengine wakiwa ni walewale waliocheka. Sitaki kudai wimbo ungewaokoa. Ila nikikaa nikafikiria kwamba nchi nzima ilikuwa na redio moja, kwamba mtu mmoja aliyependwa na walevi, makonda na mafundi alikuwa amejitolea kusema kwa lugha yao, na kwamba aliyeshika mlango aliona aibu kuliko alivyoona makaburi, nakasirika. Nimejaribu kutokasirika katika aya hii na nimeshindwa.

Ulaya nitaipita haraka kwa sababu imeandikwa sana. Mwaka 1988 WOMAD, tamasha lililoanzishwa na akina Peter Gabriel, lilimwita, akazunguka na bendi yake. Akarekodi kwenye studio za Real World katika kijiji cha Box, Uingereza: ile albamu ya 1989, kisha Mambo, 1992. Alirudi akiwa na jina, na vyombo vikawa vyake mwenyewe, Matimila ikawa Super Matimila. Kwa aliyekuwa ametumikia vyombo vya watu tangu ujana, hilo la vyombo naona lilikuwa kubwa kuliko ndege na picha za magazetini.

Kwenye albamu ya Mambo kuna kitu kidogo ambacho mhariri makini angekisahihisha na ningehuzunika sana. Wimbo mmoja umeandikwa "Inchi Yetu". Si nchi, inchi. Ndivyo Kiswahili cha Kongo kinavyotamka. Anaimba habari za nchi yetu, Tanzania, na katika neno lenyewe la nchi imesikika asili yake. Nimeona watu wakilicheka jalada hilo kana kwamba ni kosa la chapa. Mimi naona ni hati ya kusafiria.

Albamu hiyohiyo ina wimbo mmoja ambao sikuupenda wakati ule na sasa ndiyo kabisa: "Mrema", wa kumsifu Augustine Mrema, waziri wa mambo ya ndani aliyependwa kwa kutoa amri za siku saba na kuwatetea wanyonge kwa kishindo. Naelewa kwa nini mtetezi wa wanyonge alimpenda. Lakini mtani akianza kusifu amevua kofia yake. Mwaka 1995 Mrema alikuwa amehamia upinzani na kugombea urais, mambo yakageuka, na wimbo ukabaki umesimama peke yake kama bango la uchaguzi uliopita. Maswali ya Remmy hayajachuja. Sifa zake zimechuja. Mjomba, ambaye hakuruhusu kaseti izimwe katikati, ukifika wimbo huo alikuwa anakumbuka ana safari ya kununua nyuzi.

Tofauti na hapo sina ugomvi naye. "Kipenda Roho" naweza kuusikiliza kutwa. Mkongo aliyeoa Mwingereza katika mji ambao kila mtu alikuwa na maoni kuhusu nani aoe nani, akawajibu wote kwa nusu ya methali na kuwaachia nusu nyingine waimalizie, maana nani hajui kwamba hula nyama mbichi?

Mwishoni aliokoka. Afya ilikuwa imeyumba kwa miaka, akaacha dansi, akanyoa zile nywele ambazo mama yake aliambiwa zisiguswe, akaimba injili. Mashabiki wengine walichukia kama waliosalitiwa. Niliwahi kubishana na rafiki usiku kucha, yeye akisema Remmy wa injili si Remmy. Nilimwambia aliyeimba "Siku ya Kufa" mwaka wa kwanza anaingia mjini hakuwa na mahali pengine pa kufikia. Leo sina uhakika kama nilikuwa sahihi, maana nyimbo za injili za Remmy zina majibu, na mimi nilimpenda kwa maswali. Lakini aliyekuwa anaumwa ni yeye, si mimi.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kituo cha daladala cha Sinza kilikuwa kimekwisha kuitwa kwa jina lake akiwa hai. "Kwa Remi wapo?" konda anauliza. "Shusha!" Wanashuka wasichana wa saluni, mafundi simu, watu wenye mifuko ya nyanya. Sijui ni wangapi wanajua wanashukia kwa nani, na sidhani kama ingemkera. Mtu hupewa mtaa na wakubwa kwa sherehe na kibao cha chuma. Yeye alipewa kituo na makonda, kwa sababu kila siku kulikuwa na abiria aliyetaka kushuka pale.

Mjomba alitangulia, miaka miwili kabla yake. Cherehani alirithi binamu yangu, na mwaka jana alipokuwa anahama akaniletea boksi la kaseti, akasema wewe ndiye unayependa takataka hizi. Nilihangaika wiki mbili kupata redio ya kuzichezea. Nyingi mkanda umeshikana. Ile ya Remmy, yenye herufi R kwa wino wa kalamu ya fundi, inacheza.

Upande wa pili, katikati ya "Kifo", sauti inakatika. Kuna mkwaruzo, kisha mjomba: "Kiuno thelathini na mbili. Urefu arobaini. Paja..." Anasita. "We mjomba, hii kitu umebonyeza nini?" Na sauti ya mtoto, nyembamba, iko mbali kidogo na redio, inasema, "Sijabonyeza." Nimezihesabu, ni sekunde tisa. Halafu Remmy anarudi, amekwisha kufika mbele kwenye wimbo, na sehemu ile iliyofutika hapo katikati sijaipata kwenye nakala yoyote nyingine kwa sababu sijaitafuta.